Mawe Yaliyoletwa na Maji

Matrah, 3 Machi 1969

Kaka Aflah,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika juzi, imepitia Kuwait kwa Ami Sleyum kama zote, na bahasha imechakaa utasema imekuja kwa miguu. Nimeisoma mara ya kwanza peke yangu, tena nikaisoma kwa sauti ili Bibi Masouda asikie. Baba hakukaa. Akisikia tu "Kairo" huinuka, anasema anakwenda kutia udhu. Udhu gani huo wa kutiwa nyuma ya mlango? Kivuli chake nilikiona pale pale mpaka nilipomaliza.

Usimchukie, kaka. Yeye anasema katoka Unguja siku za mapinduzi na nguo alizovaa, na mkewe kamwacha kaburini huko, kaja huku Omani kwa babu zake ambako wanamcheka Kiarabu chake. Na mwanawe mmoja wa kiume, badala ya kuja kumshika mkono, yumo Misri anasoma makaburi ya Firauni. Mie humwambia, "Baba, Aflah aje vipi? Aliyekwenda kusoma Misri bila ruhusa ya Sultani, akitia mguu bandarini hapa anatiwa ndani." Anajua hayo kuliko mimi. Lakini mtu mwenye uchungu hakosi wa kumlaumu, na weye ndiye uliye mbali.

Sasa khabari yenyewe: tumepata ruhusa ya kujenga kwa mawe! Miaka mitano tumo kibandani humu mwa makuti ya mtende, kiangazi tunatokota, upepo ukivuma tunakula mchanga. Baba kaomba ardhi bondeni, nyuma ya milima, njia ya kwendea Ruwi, akapewa bila maneno. Kubwa, tambarare, wala hapana mtu. Amekwenda kuitazama mara ngapi sijui. Jana karudi kavaa kanzu ya Idi, nkamuuliza, "Baba, umetoka harusini?" Akasema, "Nimetoka kwangu." Kaka, tangu tuje huku sijamsikia kusema "kwangu".

Na usiku wakati wa kula kaniuliza, "Hebu huyo kaka yako, huko aliko, wamemwambia yale mawe makubwa ya mapiramidi yalibebwa na nani?" Nkamwambia, muulize mwenyewe. Akasema, "Mie siulizi. Muulize weye." Haya, nakuuliza mimi.

Mdogo wako,
Nasriya


Kairo, 11 Mei 1969

Nasriya, mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Nimecheka peke yangu hata Msudani ninayekaa naye chumba kimoja akaniuliza nina nini. Jibu hili lisome kwa sauti kubwa, mlango usilizuie.

Mwambie Baba hayakubebwa. Yaliletwa na maji.

Piramidi zimejipanga safu kando ya jangwa, na leo Mto Nili uko mbali nazo, mtu akienda kwa miguu juani atajuta. Kila mgeni huuliza, kwa nini watu wale walijenga mbali na mto? Mwalimu wetu husema swali lenyewe limekaa upande. Wao walijenga kando ya mto. Mto ndio ulioondoka. Zamani mkono mmoja wa Nili ulipita papo hapo, chini ya miamba. Mawe meupe yalivushwa kutoka milima ya ng'ambo. Mawe mekundu yaliteremshwa kutoka Aswan, kusini kabisa, yote kwa vyombo. Wakingoja msimu wa mafuriko. Maji yakipanda yanafunika mashamba, wakulima hawana la kufanya, basi ndio wanaokwenda kwenye kazi ya ujenzi, na vyombo vilivyopakia mawe vinafika mpaka gatini chini ya kilima. Kutoka gatini ipo njia ya mawe inayopanda mpaka kwenye piramidi. Njia hizo nimezikanyaga. Zinashuka, zinashuka, kisha zinakomea mchangani. Asiyejua atadhani waliojenga walichoka njiani.

Mkono huo wa mto ulikufa. Maji yalipungua, mchanga wa jangwa ukauzika, na watu wakalima juu yake wasijue. Sisi wanafunzi ndio tunautafuta. Tunayo kekee ndefu ya chuma ya kutobolea ardhi, tunaizungusha wawili wawili katikati ya mashamba ya majani ya ng'ombe, na kinachotoka tunakitandaza juu ya turubai kwa mpango wake. Juu huja udongo mweusi wa mafuriko. Chini yake, tukibahatika, mchanga wa kijivu uliooshwa, na vikombe vidogo vya konokono wa maji, yale magamba yao. Tukiviona vikombe tunapiga kelele za furaha, mwenye shamba anatuona wendawazimu.

Mwambie Baba kwamba watu wale hawakuwa majini wala mashetani, na wala Firauni hakubeba hata kokoto. Walijua jambo moja: mjenzi mwenye akili haendi kulitafuta jiwe, anajenga pale ambapo maji yameshamletea. Na nyinyi fanyeni hivyo hivyo, msijivunje migongo kubeba mawe kutoka mbali.

Mwambie pia nimefurahi kuulizwa. Nimefurahi sana, Nasriya.

Kaka yako,
Aflah


Matrah, 6 Julai 1969

Kaka Aflah,

Umefanya nini? Baba hashikiki!

Barua yako aliisikiliza nyuma ya mlango mpaka pale pa mjenzi mwenye akili, hapo akaingia ndani akakaa kitako, akasema, "Rudia." Nikarudia. Kesho yake kaisema kwenye duka la mchele anakofanya kazi, kaisema msikitini, kamwambia muuza kahawa: "Mwanangu yuko chuo kikuu Misri, kasema mjenzi mwenye akili hujenga pale maji yalipomletea mawe." Mwanangu! Bibi Masouda akanifinya, na mie nikatoka nje kulia kwa furaha, maana unanijua machozi yangu yako karibu.

Na kweli, kaka, Mungu katutazama. Kile kiwanja chetu kimejaa mawe. Mviringo, laini, yameoshwa, mengine makubwa kama mtungi, mengine kama andazi. Bonde zima yamelala yanatungojea, huku watu wa Matrah wanavunja mawe milimani na kuyapakia juu ya punda! Baba kasimama katikati ya kiwanja kafungua mikono, akasema, "Aflah kasema kweli. Tazama, yameshaletwa." Siku ile ile kapiga kamba za msingi.

Msingi tumeuchimba rahisi, ardhi laini. Na mie nilikukumbuka, nikawa natazama kinachotoka kama mnavyotazama nyie kwenye turubai lenu. Juu mchanga. Chini yake udongo mwororo mwembamba, ukiushika utasema hina. Tena kokoto. Tena mchanga, tena udongo wa hina, tena kokoto, hivyo hivyo mpaka chini. Na nimeokota vikombe vya konokono, vyeupe, vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho! Nimevitia koponi nikuwekee. Bahari ilifika huku zamani? Na kisima hakikutusumbua, hakikufika hata kimo cha mtu maji yakatoka. Kila kitu kimekuja chepesi mpaka Bibi anaogopa kijicho.

Na kijicho kipo. Juu mwambani anakaa mwanamke mmoja anaitwa Mahfoudha, mumewe anachunga mbuzi. Mumewe keshakuja mara tatu kumwambia Baba asijenge hapa, hapa pana wadi. Baba anamjibu kwa Kiarabu chake, yule anacheka, si kwa ubaya nadhani, lakini anacheka. Mara ya tatu Baba kamfukuza. Akanambia mie, "Unguja walituambia tuondoke, tukaondoka. Hawa nao wanatuona watu wa kuja. Hapa siondoki, Nasriya. Wanizike papa hapa." Mahfoudha kaniuliza mimi, "Nyie watu wa Zinjibari hamuogopi?" Nkamuuliza, kuogopa nini? Akanionesha bonde kwa kidole. Nikatazama. Mchanga, miti ya miba na punda mmoja anajikuna.

Kuta zimefika kifuani. Baba kasema chumba changu kitakuwa na dirisha mbili.

Nasriya


Kairo, 14 Agosti 1969

Nasriya,

Acheni kazi siku utakayoisoma barua hii. Usimalize hata ukurasa, nenda kamwambie Baba kwanza, kisha rudi usome.

Vikombe hivyo vya konokono navijua. Udongo huo mwororo naujua, naushika kila wiki. Hamkukuta bahari. Mmekuta mto. Mnajenga ndani ya mto.

Sisi watu wa Unguja tumezoea mvua inayonyesha na ardhi inayoinywa, mambo yakaisha. Hatujui mto unaosafiri. Hatujui kwamba bonde kavu, hilo wanaloliita wadi, lenye miba na punda, linaweza kukaa miaka kumi halina tone, kisha mvua ikapiga milimani huko ndani msikokuona, na maji yakashuka kwa saa moja yakajaza kutoka mlima mpaka mlima. Kila udongo wa hina ulioutaja ni gharika moja iliyokuja ikakaa ikakauka. Na kokoto juu yake ni nyingine. Umeniandikia "hivyo hivyo mpaka chini", Nasriya, na mimi nikaacha kusoma nikatafuta kalamu.

Mto ninaoutafuta mimi umekufa zamani, ndiyo maana nautafuta kwa raha. Wa kwenu uko hai. Yule mume wa Mahfoudha hawadharau. Anawaonea huruma. Baba amwite, amkalishe, amuombe radhi, amuulize maji yalifika wapi mara ya mwisho, na mjenge juu ya hapo.

Na yale maneno yangu ya mjenzi mwenye akili nayafuta. Nilisema upande mmoja. Wamisri walipanga mawe yao juu mwambani, gati tu ndiyo iliyokuwa majini. Maji yaliyowaletea mawe hayo mviringo yatarudi kuyapitia.

Simu ya maandishi siwezi kuwapigia, simu ya kutoka Kairo itasomwa na watu kabla haijafika kwenu, mkaulizwa maswali. Barua hii naituma kwa Ami Sleyum na nimemwandikia asiilaze hata siku moja. Nijibuni haraka. Nisipopata jibu kuwa mmehama, naacha mitihani, napanda chombo chochote kutoka Kuwait, nakuja kuwatoa humo kwa mikono yangu. Wakinifunga na wanifunge.

Aflah


Matrah, 12 Oktoba 1969

Kwa kaka yangu Aflah,

Baada ya salamu, barua yako tumeipata na tumeielewa.

Baba amesikia na amekubali. Tumehama bonde. Sasa tunakaa juu mwambani, jirani na kina Mahfoudha, mahali pazuri na pa salama. Kwa hivyo usiwe na wasiwasi, na usije. Maliza mitihani yako. Ukija watakufunga na sisi tutakuwa tumepoteza vyote viwili, weye na masomo yako.

Bibi hajambo, anakuombea dua.

Baba yuko hapa karibu yangu ninapoandika. Anakusalimu.

Wako,
Nasriya


Kairo, 28 Desemba 1969

Nasriya wangu,

Barua yako ilikuwa fupi, sijapata kuona barua fupi kutoka kwako, nikajua tu unatwika na kutua vyombo vya kuhamia. Lakini ingekuwa na mstari ule mmoja peke yake ingenitosha. Baba anakusalimu! Nimeisoma njiani, nikaisoma chumbani, nikamtafsiria Msudani wangu. Miaka sita sijapata salamu ya Baba. Usiku ule nililala usingizi, jamani, sijalala hivyo tangu nisome habari za vile vikombe.

Na mimi ninayo ya kuwapa. Tumeupata mto.

Mji huu una hali ya vita, taa za magari wamezipaka rangi ya buluu, na sehemu nyingine za jangwa haturuhusiwi kusogea. Lakini mwalimu ametupatia kibali cha shamba moja chini ya njia mojawapo ya mawe, pale inapokomea mchangani. Tumetoboa mashimo kwa mstari kuelekea mashariki. La kwanza, mwamba. La pili, mchanga wa jangwa mtupu, tukavunjika moyo. La tatu likatoa udongo mweusi, na la nne, chini sana, mchanga wa kijivu uliooshwa, vikombe vya konokono, na chembe za jiwe jekundu la Aswan. Jiwe hilo halipo upande huu wa nchi, Nasriya. Halikuja kwa upepo. Kuna mtu alikuwa analishusha chomboni, au analichonga ukingoni, likameguka, likaanguka majini. Nimeziweka kiganjani, nyekundu, kali bado, zinachoma kidole.

Mwalimu aliondoa kofia yake akakaa chini juu ya majani, mtu mzima yule. Na mimi nilimfikiria Baba. Nilitaka awepo. Nilitaka aniulize tena, "Yalibebwa na nani?" nikamtilia chembe zile mkononi.

Nyumba Baba akiianza huko juu, niandikie kila kitu, hata rangi ya mlango. Mitihani yangu ni mwezi wa sita.

Kaka yako mwenye furaha,
Aflah


Kairo, 20 Machi 1970

Nasriya,

Hii ni ya tatu. Hamnijibu. Nimemuuliza Ami Sleyum, ananiandikia kuwa hamjambo, posta tu imezorota. Yeye si mtu wa maneno machache, na barua yake ina mistari miwili.

Bibi anaumwa? Au Baba amekasirika tena? Akiwa amekasirika mwambie nimekubali kukasirikiwa, ila weye niandikie. Hata neno moja. Andika "tupo".

Aflah


Matrah, 9 Agosti 1970

Kwa mwanangu Aflah,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwandiko huu ni wangu, mimi babako. Nnajua ukiuona tu moyo utashtuka, basi sikuzungushi. Nasriya hayupo. Mwenyezi Mungu kamchukua mwezi wa kwanza wa mwaka huu, kwa wadi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana una haki ya kujua na hapana mwengine wa kukwambia.

Hatukuhama. Barua ile ya mwezi wa kumi aliiandika kwa amri yangu. Alilia. Alinambia, "Baba, mie sijapata kumdanganya Aflah." Nkamwambia akijua kweli atakuja, na akija atafungwa, bora aamini. Na nyumba ilikuwa imeshaezekwa, boriti zimeshapandishwa, na mie nlikuwa nimeshawaambia watu wote kuwa mwanangu msomi ndiye aliyenipa shauri. Barua yako ya pili nilimwambia anisomee mara tatu. Nilikuamini, Aflah. Nilikuamini, na sikuweza kumwendea yule mchunga mbuzi kumwambia kuwa kasema kweli. Nlisema moyoni, nipite msimu huu mmoja tu, halafu nitatafuta sababu nyengine ya kuhama.

Lakini salamu ile ilikuwa ya kweli. Nliitaka mwenyewe itiwe.

Siku ile kwetu halikuanguka tone. Jua linawaka, Nasriya kaanika nguo. Wingu lilikuwa ndani huko milimani, limekaa siku ya pili. Baada ya alasiri mume wa Mahfoudha aliteremka mbio anapiga kelele. Nasriya hakuuliza kitu. Alimbeba bibi yako mgongoni, akampandisha mwambani. Mie nlikataa kutoka. Nlisema hii ni nyumba ya mawe, si kibanda, acha yaje. Nikasimama mlangoni nimeushika mlango kwa mikono miwili.

Yeye akarudi kunifata. Alikuwa ameshaokoka, Aflah. Alikuwa juu, kwenye jabali, na bibi yake kamshika nguo asiende. Akaja akanambia, "Baba, twende, utajenga nyengine." Hakunikaripia. Nikauacha mlango, nikampa mkono, tukatoka. Maji yakatukuta hatujafika. Hayakuja kama maji. Yalikuja na mawe ndani yake yanagongana, unayasikia kabla hujayaona. Mie nikapigwa na mti wa miba, nikanasa. Nlikuwa nimemshika. Wallahi sikumwachia. Alinitoka.

Hao nliosema wanatudharau ndio waliomtafuta, wanaume wa mwambani wote, mpaka wakampata kesho yake upande wa pwani. Mahfoudha ndiye aliyemuosha, na kanga ya kumfunika kaitoa yeye, yetu hatukubakiwa na hata moja. Mumewe kachimba kaburi. Hakunambia neno la lawama, si siku ile wala mpaka leo. Kila asubuhi hunitilia kahawa.

Sleyum nilimwapisha asikwambie. Nlitaka umalize mitihani, na nlitaka usije ukafungwa, maana sikubakiwa na mwengine. Sasa kaja Sultani mpya, na tumesikia redioni kuwa walioko nje wote warudi, waliosoma popote, na bandarini hawaulizwi. Nimekosa sababu ya kukuficha. Na nimechoka kuficha.

Watu wa huku juu wamenipa mahali karibu nao. Bibi yako mzee, anahitaji paa. Boriti wameziokota bondeni wakaniletea. Mie msingi sipigi. Njoo, Aflah, uitazame ardhi kwa elimu yako. Weye utasema, mie nitanyamaza.

Babako,
Yaarub


Kairo, 1 Septemba 1970

Baba yangu,

Nakubusu mkono. Barua yako nilikaa nayo siku kadhaa, kila nikishika kalamu naiweka. Mwenyezi Mungu amrehemu Nasriya, na akupe subira weye na Bibi, na mimi.

Nakuja. Nimefaulu mitihani, nakwambia kwa sababu uliisubiri, si kwa sababu nina raha nayo. Ndege nimeshapata mpaka Kuwait, Ami Sleyum atanipokea, na kabla ya Ramadhani nitakuwa kwenu.

Mzigo huu usiubebe peke yako, sikubali. Maneno ya mjenzi mwenye akili niliyaandika mimi. Nilikuwa nimefurahi kuulizwa na baba yangu, nikataka nikupendeze kwa neno zuri, nikalipamba kabla sijalifikiri. Ungenikasirikia tu kama zamani, pengine ningeandika kwa uangalifu zaidi. Tumekosea kwa sababu tulikuwa tunapatana, Baba, na hilo ndilo linalonikata maini.

Ardhi nitaitazama. Lakini nitatembea nyuma ya mume wa Mahfoudha, yeye atangulie, aseme maji yalifika wapi, na sote tumsikilize. Nitamshukuru kwa ulimi wangu kwa kaburi alilolichimba.

Ila lile la kunyamaza sikukubalii. Usininyamazie. Nilipoondoka Unguja Nasriya alikuwa na miaka kumi na mbili, ana sauti nyembamba ya kitoto, ananililia forodhani nisisahau kumletea bangili. Barua zake zote, miaka sita hii, nimezisoma kwa sauti hiyo, kwa kuwa sina nyengine. Hata ile aliyoniandikia kuhusu msingi niliisikia kwa mdomo wa mtoto. Weye ulikuwa naye mpaka akawa mwanamke mzima, mwenye nguvu za kumbeba Bibi mgongoni. Nikifika tukae, unieleze alivyokuwa akizungumza, na alivyokuwa akicheka, na alipokwambia utajenga nyengine alikwambia vipi, kwa upole au kwa haraka.

Mie sauti ya dada yangu siijui, Baba. Nambie weye.

Mwanao,
Aflah